Kabla hujalipia aplikesheni ya biashara, piga hesabu ya miaka 3

Mwenye duka la jumla Kariakoo akiulizia bei ya mfumo wa mauzo kwa madevelopa watatu, atarudi na bei tatu ambazo hazikaribiani hata kidogo. Mara nyingi hakuna aliyemwibia. Wa kwanza amehesabu mfumo unaofunguka kwenye brauza kama Chrome. Wa pili amehesabu aplikesheni ya Android ya kupakua Play Store. Wa tatu ameweka Android na iPhone, kila moja ikiandikwa kivyake. Wote wameandika "mfumo wa mauzo" juu ya karatasi, na mteja analinganisha namba za chini kama anayelinganisha bei ya sukari.

Sehemu kubwa ya gharama haionekani kwenye simu. Seva (kompyuta inayopokea na kutunza oda zote), databezi, ruhusa za nani aone nini, kuunganisha malipo ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, risiti za TRA, ripoti za mwenye mali: hivyo vyote vinajengwa vilevile, uwe umechagua brauza au aplikesheni. Na lipo jambo ambalo wateja wengi huligundua wakiwa wameshasaini. Ukichagua aplikesheni ya simu, ukurasa wa wavuti bado utauhitaji. Mhasibu hawezi kukagua madeni ya wateja 400 kwenye kioo cha simu. Atataka kompyuta, na atataka kutoa Excel. Kwa hiyo unachochagua hasa ni wavuti peke yake, au wavuti na simu juu yake.

Tuchukue mfano wenye namba. Biashara ya jumla ya vinywaji ina ghala Buguruni, duka Kariakoo, na wauzaji 12 wanaozunguka Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto kuchukua oda. Mfumo unatakiwa kupokea oda, kupunguza stoo, kufuatilia madeni, kupokea malipo ya simu na kuchapa risiti palepale dukani kwa mteja. Tunahesabu kwa siku za kazi za developa, kwa sababu bei ya siku moja kila mtu anaweza kuweka yake. Hapa tumeweka shilingi 120,000 kwa siku. Ukipewa bei nyingine, zidisha upya; idadi ya siku nayo ni makadirio ya mfano huu, si bei ya soko.

Kazi ya pamoja kwanza. Siku 8 za kukaa na wafanyakazi na kuchora oda inavyotembea, siku 25 za seva, databezi na ruhusa, siku 8 za malipo ya simu, siku 15 za ukurasa wa mwenye mali na ripoti zake, siku 10 za majaribio, mafunzo na kuhamisha madeni kutoka kwenye daftari na Excel. Jumla siku 66.

Kisha kile anachokishika muuzaji. Kwa brauza ni siku 18 za skrini, 12 za kuuwezesha mfumo kufanya kazi bila mtandao na 3 za printa, jumla 33. Android peke yake kwa Kotlin, lugha ya kuandikia aplikesheni za Android, ni siku 28 za skrini, 10 za kufanya kazi bila mtandao, 4 za printa na 3 za Play Store, jumla 45. Flutter, ambayo msimbo mmoja unatoa Android na iPhone, inafika siku 55. Ukiandika Kotlin kwa Android na Swift kwa iPhone, kila moja na mtu wake, unafika siku 80.

Jumlisha na zile 66. Brauza siku 99, shilingi 11,880,000. Android peke yake siku 111, shilingi 13,320,000. Flutter siku 121, shilingi 14,520,000. Android na iPhone mbalimbali siku 146, shilingi 17,520,000.

Kati ya brauza na Android peke yake tofauti ni siku 12, kama asilimia 12 hivi. Anayekwambia aplikesheni ya simu ni mara tatu ya bei ya wavuti, ama ameiacha seva nje ya bei ya wavuti, ama ameihesabu zaidi ya mara moja. Mwombe aandike seva kwenye mstari wake.

Pengo linafunguka baada ya uzinduzi. Mfumo wa brauza wa ukubwa huu utakula siku kama 12 kwa mwaka: marekebisho, nakala za akiba, kusasisha maktaba za msimbo (vipande vilivyoandikwa na wengine ambavyo mfumo unavitegemea). Android inaongeza siku 7 juu ya hizo, Flutter 10, na zile mbili mbalimbali 18. Ukichukua mwaka wa ujenzi pamoja na miaka 2 ya matunzo, yaani miaka 3, brauza inafika shilingi 14,760,000, Android 17,880,000, Flutter 19,800,000, na mbili mbalimbali 24,720,000. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna karibu milioni 10.

Hizo siku za ziada zinatoka wapi? Kila mwaka Google inapandisha kiwango cha chini cha toleo la Android ambalo aplikesheni lazima ilenge, na tarehe ya mwisho kwa kawaida ni Agosti 31. Usipofuata, huwezi kupandisha sasisho jipya, na ukichelewa zaidi aplikesheni inaacha kuonekana kwa watu wapya wenye simu za matoleo ya karibuni. Kulenga toleo jipya si kubadilisha namba moja na kuondoka: ruhusa za picha, arifa na mahali hubadilika, na maktaba ya printa uliyoitegemea huenda mwenyewe aliiacha miaka miwili iliyopita. Juu ya hapo kuna simu zenyewe. Tecno, Infinix na itel nyingi zina utaratibu mkali wa kubana betri unaoua kazi za nyuma, na kila malalamiko ya "haitumi oda" yanadai mtu akae na simu ileile mkononi ndipo atambue tatizo.

Ada za maduka ni ndogo ukilinganisha na kazi. Google Play ni dola 25 mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka, na unahitaji kompyuta ya Mac ya kujengea. Tukipiga dola moja kwa shilingi 2,600 kwa ajili ya mfano, Apple ya miaka 3 ni shilingi 772,200 kabla ya kununua Mac. Kamisheni ya asilimia 15 hadi 30 wanayoisikia watu inahusu bidhaa za kidijitali. Kreti za soda haziguswi. Kinachouma zaidi ni muda. Akaunti mpya ya Google Play ya mtu binafsi lazima ipitishe aplikesheni kwa wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka hadharani. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila inadai namba ya D-U-N-S, namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni, na Apple nayo inaidai kwa kampuni. Namba hiyo iombwe siku mkataba unaposainiwa, isisubiri wiki ya uzinduzi.

Sasa printa, maana hapo ndipo makadirio mengi ya brauza yanapokufa. Printa ndogo za risiti za milimita 58 zinazouzwa Kariakoo, zile za kuning'iniza kiunoni, nyingi zinatumia Bluetooth ya kawaida ya zamani. Chrome kwenye Android inaweza kuongea na vifaa vya Bluetooth kwa njia iitwayo Web Bluetooth, lakini njia hiyo ni ya vile vya Bluetooth Low Energy (BLE, aina mpya isiyokula betri) tu. Matokeo yake printa inaonekana kwenye mipangilio ya simu, imeshaunganishwa, taa yake inawaka, na brauza haiioni kwa njia hiyo. Developa anamaliza siku nne akitafuta kosa kwenye msimbo wake. Safari, brauza ya iPhone, haiongei na Bluetooth kabisa.

Njia ziko tatu. Nunua printa moja inayotaja BLE, ichape risiti 50 kutoka kwenye simu ileile watakayotumia wauzaji, ndipo uagize zilizobaki. Au weka aplikesheni ya daraja kama RawBT, inayopokea risiti kutoka kwenye brauza na kuisukuma kwenye printa. Inafanya kazi vizuri, ila kila simu lazima ipangwe kwa mkono. Au kubali Android. Kama umeshanunua zile mashine za mkononi zenye printa ndani yake, usihangaike na brauza: zimetengenezwa ziendeshwe na aplikesheni ya Android, na maktaba ya printa inatoka kwa mtengenezaji. Kwa njia yoyote, kumbuka karatasi ya milimita 58 inaingiza herufi 32 kwa mstari kwa fonti ya kawaida. "Maji ya Kunywa 1.5L Katoni x 6" peke yake ni herufi 30 ukihesabu na nafasi, na bei bado haijaingia. Weka jina kwenye mstari wa kwanza, idadi na bei kwenye wa pili, na ulifupishe jina mapema kwenye databezi.

Skana ya bakodi haina ugomvi huo. Ile ya USB au ya Bluetooth inajitambulisha kwenye simu au kompyuta kama kibodi, inaandika namba na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Brauza inaipokea bila kuandika chochote cha ziada. Kusoma bakodi kwa kamera ya simu ya bei nafuu ndiko kunachosha: mwanga mdogo wa ghalani, lenzi yenye vumbi, sekunde tano kwa kila katoni. Kwa muuzaji wa oda inatosha. Kwa mpokea mzigo wa katoni 600, nunua skana.

Kufanya kazi bila mtandao ndiko kunakotenganisha mfumo mzuri na mbovu, na huko hakuna tofauti kubwa ya bei kama wengi wanavyodhani. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Lakini huhitaji ajali ya baharini. Bando linaisha saa nne asubuhi Mbagala Rangi Tatu, umeme unakatika ruta inazima, ghala lina bati na kuta nene. Brauza za sasa zinaweza kuhifadhi kurasa na oda ndani ya simu na kuzituma baadaye. Makosa yanayojirudia ni haya.

Oda inapewa namba na seva. Bila mtandao hakuna seva, hivyo oda haina utambulisho. Muuzaji anabonyeza "Tuma" mara mbili na mteja anadaiwa kreti 40 badala ya 20. Utambulisho wa oda utengenezwe na simu yenyewe, wa kipekee, na seva ikipokea utambulisho uleule mara ya pili ijibu "nimeshapata" bila kuandika oda nyingine. Hii ni kazi ya siku moja ikifanywa mwanzoni. Ikifanywa baada ya miezi sita, ni wiki nzima ya kusafisha madeni yaliyorudiwa, na mabishano na wateja juu yake.

Kosa lingine ni kuamini saa ya simu. Simu iliyoisha chaji ikawashwa inaweza kusoma mwaka mwingine. Hifadhi saa mbili, ya simu na ya seva ilipopokea, na ripoti zifuate ya seva pale tofauti inapozidi siku moja.

La tatu ni kudhani hifadhi ya brauza ni kabati la chuma. Simu ikijaa picha na video za WhatsApp, brauza inaweza kufuta data za tovuti. Developa aombe hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(), na mfumo uonyeshe wazi juu ya skrini "oda 7 hazijatumwa" kwa rangi isiyoweza kupuuzwa. Kwenye Safari, tovuti isiyotumiwa kwa siku 7 hufutiwa data zake, isipokuwa iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo. Na kwenye brauza uhakika wa oda kutumwa upo mfumo ukiwa umefunguliwa. Usimwahidi mteja kwamba zitaondoka zenyewe simu ikiwa mfukoni. Android inaweza hilo, mradi betri haijabanwa.

Ukitaka kujua gari la mzigo liko wapi kila dakika huku skrini imezimwa, brauza imeishia hapo. Jenga Android, na tenga siku za kuieleza Google kwa nini unafuatilia mahali nyuma ya pazia, maana wanadai maelezo na video.

iPhone tuipite haraka. Kwa mfumo wa wafanyakazi, usiijenge. Nunua simu za Android za kazi, au wenye iPhone watumie brauza. Tangu iOS 16.4, toleo la mfumo endeshi wa iPhone la mwaka 2023, hata arifa zinafika, mradi mfumo umewekwa kwenye skrini ya mwanzo. Opera Mini nayo ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi haiwezi kuhifadhi mfumo bila mtandao, hivyo muuzaji aelekezwe atumie Chrome toka siku ya mafunzo.

Brauza inapata ushindi wake mkubwa Julai 1. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko ya kodi huanza kutumika na mwaka mpya wa fedha. Kwenye brauza unabadilisha mahali pamoja usiku, asubuhi wote wanapiga hesabu mpya. Kwenye aplikesheni, wauzaji wanne bado wana toleo la Machi kwa sababu simu zimejaa au bando halitoshi kusasisha. Dawa yake ni viwango vya kodi na bei kukaa kwenye seva, na seva kuikataa aplikesheni iliyopitwa sana kwa ujumbe unaoeleweka. Hiyo ni siku 2 au 3 za kazi, na iwe kwenye kadirio tangu mwanzo. Brauza nayo ina maradhi yake ya aina hiyo: ile skripti inayotunza kurasa ndani ya simu inaweza kuendelea kuonyesha mfumo wa jana. Faili lake lisihifadhiwe muda mrefu, na likibadilika mtumiaji aonyeshwe kitufe cha "Pakia toleo jipya".

Kusambaza APK, yaani faili la kusakinisha aplikesheni, kwa WhatsApp kunaonekana rahisi mpaka wiki ya tatu, ambapo hakuna anayejua nani ana toleo lipi, na Play Protect, ulinzi wa Google ndani ya simu, inatisha watu kwa maonyo. Google ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaanza kudai watengenezaji wathibitishwe hata kwa aplikesheni zisizo Play Store, ikianzia nchi chache Septemba 2026. Usijenge biashara juu ya APK ya kutumiana.

Jihadhari pia na tovuti iliyovikwa gamba ikauzwa kama aplikesheni. Apple hukataa aplikesheni ambayo ni tovuti tu ndani ya fremu. Kwa Android ipo njia halali ya kuuweka mfumo wa brauza Play Store, inaitwa Trusted Web Activity, na ni siku 2 za kazi. Inaharibika kwa kosa moja maarufu: Play husaini aplikesheni upya kwa ufunguo wake, developa anaweka alama ya ufunguo wa kompyuta yake kwenye faili la assetlinks.json, linalothibitisha kuwa tovuti na aplikesheni ni za mwenye mmoja, na mstari wa anwani ya brauza unabaki juu ya skrini. Chukua alama kutoka Play Console.

Kuhusu taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu kwa njia zote mbili. Aplikesheni inayoomba majina yaliyohifadhiwa kwenye simu na mahali inakusanya zaidi, kwa hiyo ina zaidi ya kueleza. Usiombe ruhusa usiyoitumia.

Kwa biashara ya mfano wetu, tungeanza na brauza, printa ya BLE iliyojaribiwa, na seva inayotoa data kwa njia iliyotengana na kurasa. Utengano huo ni kama siku 4 juu ya kadirio la brauza. Ukiuruka, siku utakapohitaji Android utaandika upya karibu kila kitu kilicho nyuma. Ukiuweka, Android inakuja kuchomekwa juu ya kilichopo, tena kwa wale wauzaji wanaoihitaji tu.

Kwenye mkataba, domeini, akaunti ya seva, akaunti ya Play Console na ghala la msimbo viwe kwa jina na barua pepe ya kampuni yako, developa aalikwe. Ufunguo wa kusaini aplikesheni uhifadhiwe sehemu mbili. Andika wazi msimbo ni wa nani baada ya malipo. Lipa kwa awamu zinazofuata kitu kinachoonekana, na ubakishe asilimia 20 kwa jaribio la mwisho, ambalo unaweza kulifanya mwenyewe: chukua simu ya bei nafuu kuliko zote za wauzaji, fungua mfumo humo, weka hali ya ndege. Andika oda 10, bonyeza "Tuma" mara mbili kwenye tatu kati ya hizo. Zima simu, iwashe, rudisha data, fungua mfumo, subiri dakika moja. Nenda kwenye kompyuta ya mhasibu uhesabu. Zikiwa 10, na stoo imepungua sawasawa, lipa. Zikiwa 9 au 13, kazi haijaisha.